Kurudi kwenye anime baada ya miaka mingi: uanzie wapi, ufuate mpangilio gani, uruke nini

MjukuuWaPangani

Wakuu salaam,

Uzi huu ni wa wale walioacha anime (katuni za Kijapani) enzi za Naruto na Dragon Ball Z, wakabanwa na masomo, kazi na familia, na sasa wanataka kurudi ila hawajui pa kushika. Wengi wanaorudi huharibikiwa mlangoni. Wanafungua ileile waliyoiachia katikati, wanakuta episodi mia tatu zinawasubiri, wanajikaza wiki mbili, wanachoka, kisha wanasema anime za siku hizi hazina ladha.

Ushauri wangu ni huu: rudi kwa kazi moja fupi inayojitosheleza, uimalize, ndipo uguse ile ndefu uliyoiacha.

Kabla ya kuchagua, piga hesabu ya saa. Episodi ya kawaida ya televisheni ina dakika 23 au 24, na ndani yake kuna wimbo wa kufungulia wa sekunde 90 na wa kufungia wa sekunde 90. Ukiziruka nyimbo unabaki na dakika 21 hivi. Kwa hiyo:

Frieren msimu wa kwanza, episodi 28: saa 10
Fullmetal Alchemist: Brotherhood, episodi 64: saa 22 na nusu
Monster, episodi 74: saa 26
Hunter x Hunter ya 2011, episodi 148: saa 52
Naruto Shippuden, episodi 500: saa 175

Mwenye saa moja kila usiku anaimaliza Frieren kwa siku kumi. Shippuden itamla karibu nusu mwaka bila kukosa usiku hata mmoja. Ukishaona hesabu hiyo hutajilaumu tena kwamba umekuwa mvivu.

Ninazopendekeza za kuanzia:

Frieren (studio Madhouse, 2023 hadi 2024). Inaanza pale hadithi nyingine zinapoishia. Mashujaa wanne wameshamuua Mfalme wa Mashetani baada ya safari ya miaka 10, na wanarudi nyumbani. Frieren ni mchawi wa jamii ya "elf", viumbe wa hadithi wanaoishi muda mrefu sana, naye ameishi zaidi ya miaka elfu moja, kwa hiyo miaka 10 kwake ni kitu kidogo sana. Wenzake wanazeeka. Tazama jinsi tarehe zinavyoandikwa kwenye kioo: hawatumii mwaka wa mfalme wala wa dini, wanahesabu miaka tangu kifo cha shujaa Himmel. Kila ukiiona tarehe ile unakumbushwa nani hayupo, wala hakuna mhusika anayelisema. Hadithi nzima haijaisha, lakini msimu wa kwanza unafunga mtihani wa wachawi kwa utulivu, haukuachi ukining'inia.

Monster (Madhouse, 2004 hadi 2005). Kwa mtu mzima asiyetaka uchawi wala mapigano ya kupiga kelele. Daktari Kenzo Tenma ni bingwa wa upasuaji wa ubongo, Mjapani anayefanya kazi Düsseldorf, Ujerumani. Anakataa amri ya wakubwa, anampasua mtoto aliyefika kwanza badala ya meya aliyefika baadaye. Miaka inapita, mtoto yule anakuwa muuaji. Mwendo ni wa polepole. Usiitazame huku unachati.

Planetes (Sunrise, 2003 hadi 2004, episodi 26). Mwaka ni 2075, na wahusika wakuu ni wazoataka wa angani. Skrubu moja inayozunguka dunia kwa kasi inatosha kuua abiria wa chombo kizima. Yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye idara isiyopewa bajeti ataitambua ofisi yao mara moja. Episodi nne za mwanzo ni nyepesi, uzito unakuja baadaye.

Brotherhood wataielezea wengine, maana najua ubishi wake. Karibuni.

Kakashi_wa_Ubungo

Mleta uzi umesema kweli, lakini kuna watu hawataki kitu kipya. Wanataka kumaliza Naruto yao na Bleach yao. Hao nao wana haki, ila waruke fila.

Kwa asiyejua: anime hizo zilirushwa kila wiki bila kupumzika, na manga (vitabu vya katuni zinakotoka hadithi hizo) nayo ilikuwa inaandikwa wiki hiyohiyo. Anime inakwenda haraka kuliko manga, kwa hiyo ikishaikaribia, studio inatunga hadithi yake ya kando ili mwandishi apate kutangulia. Hizo ndizo fila. Siku hizi kazi nyingi hutoka kwa misimu ya episodi 12 au 13, zikianza Januari, Aprili, Julai au Oktoba, kisha zinasimama hadi kuwe na manga ya kutosha. Ndiyo maana anime mpya karibu hazina fila.

Naruto ya kwanza (2002 hadi 2007, episodi 220): tazama 1 hadi 135. Ndani yake unaweza kuruka 26, 97 na 102 hadi 106. Ukishamaliza 135, rukia moja kwa moja 220, halafu ingia Shippuden. Usijaribu kuzipitia 136 hadi 219 ati kwa heshima. Hapo ndipo wengi walipoachia.

Shippuden (2007 hadi 2017): ruka 57–71, 91–112, 144–151, 176–196, 223–242, 303–320, 394–413 na 427–450. Hizo peke yake ni episodi 148, yaani saa 52, sawa na Hunter x Hunter nzima. Ila 349–361 usiruke hata kama orodha nyingine zinaiita fila. Inaonyesha Kakashi, mwalimu wa Naruto, akiwa Anbu, kikosi cha siri cha ninja, na inakusaidia kuielewa vita ya mwisho.

Baada ya 479 hadithi kuu imefungwa. Zinazofuata hadi 500 ni nyongeza: za kumbukumbu, za Sasuke, za Shikamaru, na harusi. Atakaye harusi aanzie 494.

Bleach (2004 hadi 2012, episodi 366): ruka 64–108, 168–189, 230–265 na 317–341. Kosa la kawaida ni kuruka hadi 366 moja kwa moja ukaingia Vita vya Damu vya Miaka Elfu, ile iliyoanza Oktoba 2022. Episodi 342–366 ni za lazima. Pale ndipo Ichigo, shujaa wa Bleach, anapopata hali anayokuwa nayo mwanzoni mwa ile mpya. Ukizikosa utauliza maswali ambayo yalishajibiwa.

mama_Zulekha

Kakashi asante sana. Na One Piece je?

Kakashi_wa_Ubungo

One Piece dada yangu ni habari nyingine. Ilianza Oktoba 1999 na imepita episodi 1,100. Fila zake ni chache. Shida ni mwendo: ili isiikute manga, episodi moja ya miaka ya katikati inaweza kubeba sura moja tu ya manga. Utaona wanarudia ya jana dakika kadhaa, kisha uso mmoja unashangaa, wa pili unashangaa, wa tatu unashangaa.

Kwa anayerudi nina njia mbili. Ya kwanza ni kuisoma. Shueisha, wachapishaji wenyewe, wana programu iitwayo Manga Plus, ipo tangu 2019, na sura za mwanzo na za karibuni ni za bure. Ya pili ni kusubiri: Desemba 2023 ilitangazwa kwamba Wit Studio wanaitengeneza upya tangu mwanzo. Usianze ya zamani kwa kutaka kuimaliza. Anza kama una mpango wa kukaa nayo miaka.

Otaku_Kisauni

Mimi niseme ya mpangilio, kwa sababu huko ndiko wageni wanakopotezwa na programu zenyewe za kutazamia. Zinapanga filamu kando na misimu kando, na mtazamaji haambiwi ipi inafuata ipi.

Demon Slayer: episodi 26 za 2019, kisha Mugen Train, kisha Wilaya ya Burudani (episodi 11), Kijiji cha Wahunzi (11), Mazoezi ya Hashira (8), ndipo filamu ya Infinity Castle ya 2025. Mugen Train ipo mara mbili: filamu ya 2020 na episodi 7 za televisheni. Ni kitu kilekile. Chagua moja. Ukichagua filamu, unachokosa hasa ni episodi ya kwanza ya ile ya televisheni, inayomfuata Rengoku, shujaa wa kisa hicho, kabla hajapanda treni. Na usiruke Mugen Train ukidhani ni filamu ya pembeni kama zile za zamani za Dragon Ball. Msimu unaofuata unaanza na majonzi yake.

Jujutsu Kaisen: episodi 24 kwanza, kisha filamu iitwayo Jujutsu Kaisen 0, kisha msimu wa pili wenye episodi 23. Filamu inasimulia yaliyotokea mwaka mmoja kabla, na kuna wanaosema ianze. Mimi nakataa. Uzito wa uhusiano wa wahusika Gojo na Geto kwenye filamu unaupata ukishamjua Gojo kwanza, na msimu wa pili unaanza na ujana wao hao wawili.

Attack on Titan: misimu ya episodi 25, 12 na 22, kisha msimu wa mwisho wa 16 na 12, kisha vipindi viwili virefu vya 2023. Jina "msimu wa mwisho" limewachanganya wengi kwa sababu ulitoka vipande vipande kuanzia Desemba 2020 hadi Novemba 2023. Hakikisha umefika kwenye vile vipindi viwili virefu. Studio pia ilibadilika, kutoka Wit kwenda MAPPA, kwa hiyo nyuso na rangi zikibadilika ghafla usidhani umefungua kitu kingine.

Evangelion (Gainax, 1995 hadi 1996): episodi 26, kisha filamu ya The End of Evangelion ya 1997. Episodi za 25 na 26 zinatokea ndani ya vichwa vya wahusika. Filamu inaonyesha kilichotokea nje. Zote mbili ni mwisho, na kila moja inahitaji mwenzake. Zile filamu nne zilizotoka kati ya 2007 na 2021 ziache hadi umemaliza hizo za zamani, maana zinajibizana nazo. Kama unaitazama toleo la Netflix, jua kwamba wimbo wa kufungia uliozoeleka uliondolewa nje ya Japani, kwa hiyo ukikumbuka "Fly Me to the Moon" na huisikii, kumbukumbu yako iko sawa.

Mwalimu_Ntemi

Sasa tuje Fullmetal Alchemist. Otaku umeipita, na hapo ndipo penye maswali mengi.

Zipo mbili, zote za studio Bones. Ya 2003 ina episodi 51. Manga ya Hiromu Arakawa ilikuwa bado changa, kwa hiyo studio ilitunga nusu ya pili na mwisho wake yenyewe. Ya 2009, Brotherhood, ina episodi 64 na inafuata manga hadi mwisho. Hazifuatani. Ni safari mbili kutoka kituo kimoja.

Wote wanakuambia tazama Brotherhood, na ukitaka moja tu, sawa. Lakini Brotherhood iliandaliwa ikijua watazamaji wameshaiona ya 2003. Mwanzo wake unakimbia. Kisa cha Nina na baba yake, kile ambacho hakuna aliyekiona akakisahau, Brotherhood inakimaliza ndani ya episodi ya 4. Ile ya 2003 inakupa muda wa kukaa kwenye nyumba ile, kula chakula pale, kumzoea mtoto na mbwa wake, ndipo inakuchapa.

Pendekezo langu kwa mwenye muda: tazama 1 hadi 25 za 2003, hadi kifo cha mhusika Hughes, kisha hamia Brotherhood tangu episodi ya 1. Utarudia baadhi ya matukio lakini yatapita haraka. Asiye na muda aanze Brotherhood na avumilie hadi episodi ya 10. Episodi ya 27 ni muhtasari, inarukika.

Otaku_Kisauni

Mwalimu, hilo la kuchanganya silikubali. Nusu ya kwanza ya 2003 imeshaanza kupanda mbegu za mwisho wake yenyewe, na anayehama katikati anabaki na maswali ambayo Brotherhood haitayajibu kamwe. Ama imalizwe 2003 yote pamoja na filamu yake ya 2005, ama iachwe.

Mwalimu_Ntemi

Hoja ina nguvu. Basi mwenye muda atazame 2003 yote kwanza, apumzike miezi kadhaa, ndipo Brotherhood. Lakini Hughes asimkose.

FundiRuninga

Wadau mmeongea vizuri, ila nusu ya watu wanaosema "picha za siku hizi zinateleza kama sabuni" hawana tatizo na anime. Wana tatizo na runinga zao.

Anime inatengenezwa kwa fremu 24 kwa sekunde, lakini wachoraji hawachori picha 24. Mara nyingi picha moja inakaa fremu mbili au tatu, yaani michoro 12 au 8 kwa sekunde. Runinga nyingi za kisasa zinatoka kiwandani zikiwa zimewashwa kitu cha kulainisha mwendo. Inabuni picha za katikati ambazo hakuna aliyezichora. Matokeo yake mistari inatetemeka pembeni ya wahusika, na ngumi inapoteza uzito, kwa sababu mchoraji aliikatisha makusudi ili uihisi.

Fungua mipangilio ya picha. Samsung huiita Auto Motion Plus au Picture Clarity, LG ni TruMotion, Sony ni Motionflow. Zima kabisa. Halafu punguza ukali wa picha. Ukali ukizidi unaona mstari mweupe unaoizunguka mistari myeusi ya mchoro, hasa kwenye nywele.

Maandishi ya chini: hapa kuna mtego mkubwa. Kwenye programu nyingi utaona Kiingereza mara mbili, kimoja kikiwa na alama ya CC. Chenye CC huwa kimeandikwa kufuata sauti ya Kiingereza, kwa ajili ya wasiosikia. Ukisikiliza Kijapani huku unasoma CC, maneno hayaoani: mhusika anataja jina tu, chini kinaandikwa sentensi nzima. Ukitumia sauti ya Kijapani chagua kile kisicho na CC.

Kwa wanaotazama faili kwenye kompyuta kwa VLC: maandishi yakichelewa au kuwahi, bonyeza G au H, kila mbonyezo unasogeza milisekunde 50. V inabadilisha maandishi, B inabadilisha sauti. Usifute faili kwa kudhani ni la Kiingereza tu kabla hujabonyeza B.

Na bando. Kwa takwimu za Netflix wenyewe, ubora wa chini hula hadi GB 0.3 kwa saa, wa kati hadi 0.7, na HD hadi 3. Episodi ya dakika 24 ni GB 0.12, 0.28 na 1.2 kwa mfuatano huo. GB 10 zinakupa episodi 83 kwa chini, 35 kwa kati, 8 tu kwa HD. Kwenye simu ubora wa kati unatosha kabisa, na maandishi hayapungui ukali kwa sababu yanaandikwa na programu yenyewe juu ya picha. Pakua ukiwa kwenye waifai, lakini baadhi ya vipindi hufa saa 48 baada ya kuvianza, kwa hiyo usifungue episodi tano kwa kuonja.

Mswahili_Muscat

Assalaam alaykum jamaa. Nyongeza kwa tuliokulia huku Oman na Ghuba, na jamaa wa Pwani waliokuwa na dishi la chaneli za Kiarabu. Watu wengi wanatafuta katuni za utotoni hawazipati kwa sababu wanatumia majina ya Kiarabu.

Captain Majid ni Captain Tsubasa. Ya kwanza ni ya 1983 hadi 1986, episodi 128. Ipo mpya ya 2018 yenye episodi 52, inaanza upya hadithi ileile, na mwendo wake ni mzuri zaidi. Ile ya zamani mpira ulikuwa ukivuka uwanja episodi nzima. Anayerudi aanze na ya 2018.

Adnan wa Lina ni Future Boy Conan ya 1978, episodi 26, kazi ya Hayao Miyazaki kabla Studio Ghibli haijazaliwa. Usiichanganye na Detective Conan, yule mpelelezi mtoto, hawana undugu. Hii tunaipendekeza kwa moyo mmoja. Vita vya mwaka 2008 vimezamisha mabara, na miaka 20 baadaye mvulana mwenye miguu yenye nguvu kama mikono anamfuata msichana aliyetekwa. Haijachakaa hata kidogo. Sally ni A Little Princess Sara ya 1985, episodi 46.

Toleo la Kiarabu lilikatwa sehemu na majina yakabadilishwa, kwa hiyo ukitazama la Kijapani utakuta matukio usiyowahi kuyaona.

Kaka_Buja

Huku Bujumbura na kwa ndugu zetu wa Kongo ni majina ya Kifaransa. Captain Tsubasa huyohuyo ni Olive et Tom. Les Chevaliers du Zodiaque ni Saint Seiya, 1986 hadi 1989, episodi 114. Nicky Larson ni City Hunter, na hiyo Kifaransa kiliilainisha sana, ya Kijapani si ya kutazama na watoto.

Kama jina hulijui kabisa na una picha moja tu, ipeleke kwenye tovuti ya trace.moe. Inakutajia anime, episodi na hata dakika. Picha iwe safi, fremu nzima, isiyokatwa wala kuandikwa juu. Iliyochorwa na mashabiki haitambuliwi.

mama_Zulekha

Ndugu zangu, nina watoto wa miaka 8 na 11. Nataka tutazame pamoja. Naogopa kufungua kitu kisichofaa.

MjukuuWaPangani

Dada, una haki kuogopa, kwa sababu sura za kitoto hazimaanishi kazi ni ya watoto. Made in Abyss ina wahusika wenye mashavu ya mviringo na mambo ndani yake ni mazito hata kwa mtu mzima. Puella Magi Madoka Magica inaonekana ya wasichana wadogo hadi episodi ya 3.

Kwa wote wawili: My Neighbor Totoro (1988, dakika 86), Kiki's Delivery Service (1989), na hiyo Future Boy Conan aliyoitaja ndugu yetu wa Muscat, episodi moja kila jioni. Spirited Away ya 2001 ni nzuri mno, ila wazazi wanageuka nguruwe mwanzoni kabisa, kwa hiyo ukae karibu na yule wa miaka 8. Spy x Family inafaa kwa yule wa 11: jasusi, muuaji wa kukodiwa na mtoto anayesoma mawazo wanaishi kama familia. Kuna mapigano, lakini moyo wake ni nyumba.

Grave of the Fireflies usiiweke hata kama umeambiwa ni studio ileile. Ni kweli ni Ghibli, na ilitoka siku moja na Totoro, Aprili 16, 1988, zikionyeshwa pamoja. Ni ya watoto wawili wanaokufa njaa vitani. Itazame peke yako kwanza.

Goli_la_Mkono

Wapenda michezo hamjatukumbuka. Haikyuu!! ni mpira wa wavu, na huhitaji kuujua. Misimu ni ya episodi 25, 25, 10 na 25, kisha filamu ya 2024. Msimu wa 3 ni mechi moja tu, episodi zote 10, na hakuna dakika iliyopotea. Inachofanya kuliko nyingine ni kukueleza kwa nini pointi imepotea: mpokeaji alisimama hatua moja mbele, mpangaji hakuwa na chaguo, mzuiaji akasoma bega. Ukitoka hapo unatazama mechi ya kweli kwa macho mengine.

Slam Dunk ya 1993 hadi 1996 ina episodi 101 na haikufika kwenye mechi kubwa ya mwisho ya manga. Mechi hiyo ndiyo filamu ya The First Slam Dunk ya 2022, iliyoongozwa na mwandishi mwenyewe, Takehiko Inoue. Unaweza kuitazama filamu bila kuona episodi hata moja.

Blue Lock kwa wa soka: msimu wa kwanza 24, mzuri. Wa pili 14, na picha zinasimama sana, mchezaji anateleza kwenye kioo kama karata. Hadithi bado ni nzuri, ila jiandae.

Kakashi_wa_Ubungo

Hilo la Blue Lock linanikumbusha: kabla hujaanza msimu wa pili wa kitu chochote, angalia kama studio na mwongozaji ni walewale. One Punch Man msimu wa kwanza (2015) ni Madhouse, wa pili (2019) ni J.C.Staff, na tofauti unaiona ndani ya pambano la kwanza. Taarifa hizo zipo kwenye tovuti za AniList na MyAnimeList, kwenye ukurasa wa kila kazi. Hapohapo kuna orodha ya kitangulizi na mwendelezo, kwa hiyo ugomvi wa mpangilio unaweza kuumaliza mwenyewe kwa dakika moja.

Mgeni_Mbeya

Nimesoma yote. Nina saa moja usiku, GB 10 kwa mwezi, simu, na mara ya mwisho niliachia Naruto kwenye zile fila. Nifanyeje?

MjukuuWaPangani

Mwezi wa kwanza: Frieren kwa ubora wa kati. Episodi 28 kwa 0.28 ni GB 7.8. Episodi mbili kila usiku, kisha pumzika. Zile nne za mwanzo zitazame usiku miwili mfululizo, maana Japani zilirushwa pamoja kama kipindi kimoja kirefu na zimejengwa hivyo.

Mwezi wa pili: Naruto 220, kisha Shippuden kwa ubora wa chini ukifuata orodha ya Kakashi. Kwa mbili kila usiku utakuwa umetazama episodi 60 mwisho wa mwezi, GB 7.2. Ukiruka 57–71 utakuwa umekaribia kisa cha maadui Hidan na Kakuzu, ambako wengi wanakumbuka kwa nini waliipenda. Kama hapo bado hujaguswa, iache bila kinyongo na ufungue Monster.